Ngogwe za Mama na Bomba la Jirani

Nimelima bustani ya nyuma ya nyumba tangu nina miaka sita, na sasa nina sabini na nne. Mchicha wa kununua sokoni sijawahi kuupika. Hapo nimedanganya. Nimeupika mara moja, mwezi wa pili mwaka huu, na habari yenyewe ndiyo hii.

Mimi ni Klementina, mjane wa Gasper fundi baiskeli, wa Mlabani hapa Ifakara. Ukishuka kwenye bajaji ukauliza kwa bibi wa bustani, watakuleta mpaka mlangoni. Shule niliishia darasa la pili, baba akanitoa nikafukuze ndege kwenye mpunga. Kusoma nilikujulia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na maneno yangu ya kwanza niliyaandika juu ya makopo ya mbegu. Nilianza na bamia kwa sababu ni fupi. Mpaka leo nikiandika naenda polepole, lakini nafika.

Mama yangu, Margareta, alitoka upande wa Mahenge akateremka bondeni na baba kufuata mpunga. Alibeba mtungi kichwani, na ndani ya mtungi kulikuwa na mbegu za ngogwe zilizochanganywa na majivu. Wengine wanaziita nyanya chungu. Za mama zilikuwa nyeupe, ndogo, mviringo kama yai la njiwa, na uchungu wake huusikii mdomoni, unausikia ukishameza. Ukizipika na dagaa wa mtoni na karanga, mgeni anaomba wali wa pili huku anasema ameshiba. Sijaona ngogwe kama hizo sokoni Ifakara, wala Malinyi, wala kwa mtu yeyote.

Namna ya kuzitunza alinifundisha mama. Unachagua tunda la chini kwenye mche wenye nguvu, unalifunga uzi mwekundu ili mtu asilichume. Linaachwa mpaka liwe jekundu na kulegea. Unalikamua mkononi, unachanganya na majivu, unalipaka ukutani jikoni, juu ya mafiga, moshi ulilinde. Ukuta wa mama ulikuwa na madoadoa mwili mzima. Msimu ukifika unabandua doa moja kwa kisu, unapanda. Na mama alikuwa na sheria moja, kwamba mboga unampa kila anayeomba, ila mbegu haitoki nje ya jiko lako. Niliishika sheria hiyo. Jirani yangu Devota, mke wa Silvano, aliniomba mbegu mara tatu. Mara ya tatu nilimpa ngogwe changa, ambazo mbegu zake hazioti, nikamwambia haya, kajaribu bahati yako.

Gasper alikuwa anasema ameoa wanawake wawili, mimi na bustani, na huyo wa pili ndiye anayepewa maji kwanza. Tulihama nyumba tatu kabla ya kujenga hii, na kila tulipohamia nilichimba tuta la mboga kabla yeye hajachimba choo. Watu walimcheka. Alipokuwa mgonjwa wa kufa aliniambia, "Klementina, mimi nizikeni kule kwa wenzangu. Ukinizika hapa nyuma najua utanipandia matembele." Nilimwambia matembele hayawezi, labda maboga. Tulicheka wote wawili. Alikufa wiki ile.

Basi mwaka jana maji ya mto Lumemo yaliingia jikoni kwangu. Yalisimama siku tano, yakafika kiunoni. Yaliposhuka, ukuta wangu ulikuwa msafi kama umepigwa deki. Hakuna doa hata moja. Nilichobaki nacho ni ngogwe tatu zilizokauka, nilizokuwa nimezitundika juu kabisa kwenye boriti. Nikazivunja, nikazisia zote. Sikuacha akiba kwa sababu mbegu iliyoguswa na unyevu haingoji mwaka wa pili. Ikaota miche ishirini na moja. Nikaipandikiza mwezi wa kwanza kwenye tuta refu, nimelinyanyua mpaka gotini. Ishirini na moja, basi. Mbegu za mama yangu hazikuwa mahali pengine popote duniani, na mimi ndiye niliyehakikisha hivyo.

Wiki ya pili ya Februari wadudu mafuta wakashambulia. Wale wadogo weusi wanaokaa chini ya jani wakanyonya mpaka jani linanata. Dawa yangu ni ile ile ya siku zote, pilipili kichaa, majani ya mwarobaini, majivu na kipande cha sabuni ya mche, natwanga, naloweka, nachuja. Dawa ya dukani sigusi. Kwenye sala za jumuiya yetu kila Jumamosi nilikuwa nawasema wanaopuliza madawa kwenye mboga halafu wanawalisha watoto. Nilikuwa nawataja kwa majina.

Siku zote maji hayo nayanyunyiza kwa fagio la chelewa, nimeinama, jani kwa jani. Mwaka huu mgongo ulikataa. Nikinyunyiza miche mitatu nakaa chini. Edna, binti yangu ambaye anashona nguo na anakaa na mimi, akasema, "Mama, si uazime bomba kwa mama Anselim. Unapuliza dakika kumi, umemaliza." Akaenda kazini. Hilo ndilo alilosema, na sina neno la kumlaumu.

Mama Anselim ndiye huyo Devota. Nikaenda. Bomba lao la kubeba mgongoni lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Silvano alikuwa shambani Idete, kwenye mpunga.

"Mama, ngoja baba Anselim arudi," Devota akasema. "Hili bomba ana maneno nalo. Mimi mwenyewe amenikataza kulishika."

"Anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi wadudu watakuwa wamemaliza na shina. Nipe mwanangu, leo leo nakurudishia, hatajua hata kama limetoka."

"Lazima lioshwe, mama, na sijui anavyoliosha."

"Devota, mimi nimeanza kuosha vyombo kabla mama yako hajavunja ungo. Nipe."

Akanipa. Nililijaza maji ndoo moja, nikatikisa, nikamwaga. Nikanusa. Kulikuwa na harufu, sitasema haikuwepo. Harufu kama ya dawa ya hospitali iliyochacha. Nikasema pilipili itaifunika. Nikachujia maji yangu ndani, nikabeba, nikaanza kupuliza, na nilianza na ngogwe kwa sababu ndizo nilizozipenda kuliko zote. Kisha nyanya, bamia, maboga, mchicha. Dakika kumi kweli. Nilijiona msichana. Bomba likarudi nyuma ya mlango kabla jua halijawa kali.

Siku ya tatu bamia zikabadilika. Majani mapya yalitoka membamba, yamekunjwa kama vidole vya kuku. Nikasema ni jua. Siku ya nne nyanya zilipinda vichwa, zikajisokota, shina likavimba na kupasuka. Mchicha ulilala upande. Nilikwenda kwenye tuta la ngogwe nikainua jani moja moja. Yale ya juu yalikuwa yanajikunja kwa ndani, yamekakamaa, ukiyashika unahisi kama kamba.

Pembeni ya bustani nina mistari miwili ya mahindi na shina la mchaichai. Nilipulizia na huko, maana maji yalibaki. Mahindi na mchaichai vilisimama wima, vya kijani, kama havina habari. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mtu wa bonde hili anajua ile dawa ya magugu wanayoiita tufodi. Wanapuliza kwenye mpunga, magugu ya majani mapana yanajisokota na kufa, mpunga unabaki kwa sababu ni wa jamii ya nyasi. Na mahindi ni nyasi. Na mchaichai ni nyasi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ningesimama kwenye jumuiya niseme Klementina ameiua bustani yake mwenyewe kwa mkono wake? Nikawa namwagilia maji asubuhi na jioni, kama vile naweza kuiosha. Usingizi ulinikimbia. Nikiamka nahesabu miche, ishirini na moja, kama ingeweza kuongezeka.

Kuchuma sikuthubutu. Siku ya kwanza nilimpikia Edna maharage. Ya pili maharage. Siku ya tatu akauliza, "Mama, mchicha umefanya nini?"

"Nauacha ukue."

"Umelala chini, mama. Unaukuzaje ukiwa umelala?"

Kesho yake nikajifunga kanga mbili nikaenda soko la mbali, sio letu, nikanunua mchicha mafungu mawili. Nilifikiri huko hawanijui. Mwanamke aliyekuwa ananifungia akanitazama usoni akasema, "Huyu si bibi wa bustani wa Mlabani? Bibi, leo umekuja kutukagua?" Wenzake wakacheka. Nikasema nimekuja kulinganisha. Nikauficha ndani ya kanga mpaka nyumbani, nikaupika, na Edna akala kijiko kimoja akaweka chini. Mtoto aliyekulia kwenye mboga za nyumbani huwezi kumdanganya kwa mchicha uliolala gulioni. Baadaye nikamwona amesimama peke yake nyuma, anaangalia matuta, mkono kiunoni.

Yeye ndiye aliyempigia simu bibi shamba wa kata. Binti mdogo tu, anaitwa Agnella, alikuja na pikipiki na buti za mpira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Dada Edna. Anasema bustani inaumwa."

Alizunguka kote. Aligeuza majani, akapiga picha kwa simu, akachuchumaa kwenye nyanya muda mrefu. Devota alikuwa upande wa pili wa ua wa matete anaanika nguo. Nilimwona kamba ya nguo imejaa lakini bado anaanika.

"Bibi, ulipuliza dawa gani hapa?"

"Mimi dawa sipulizi. Uliza mtaa mzima."

"Hata ya magugu?"

"Magugu nang'oa kwa mkono."

"Kuna mtu amepuliza karibu, upepo ukaleta?"

"Hakuna."

"Bomba? Labda ulitumia bomba hata kwa maji tu?"

Nguo za upande wa pili ziliacha kutikisika.

"Bomba sina," nikasema.

Halikuwa jibu la alichouliza, lakini alilipokea. Akasimama, akajifuta magoti. "Inanishangaza inavyoshika kila kitu mara moja," akasema. "Lakini kama hakuna dawa iliyopita hapa, mimi siwezi kuiacha hivi hivi. Itakuwa ni kirusi. Kinabebwa na wadudu hawa hawa, na kitakwenda kwa majirani. Bibi, pole sana. Hivi vyote ving'olewe leo na vichomwe."

"Na ngogwe?" Edna akauliza.

"Hasa ngogwe. Ni jamii moja na nyanya."

Akachungulia juu ya ua. "Na wewe dada, nyanya zako tatu hizo za karibu zitoke pia."

"Zangu zina nini?" Devota akasema. "Mbona hazijapinda?"

"Ni tahadhari tu."

Devota akanitazama. Nilitegemea kuona hasira. Sikuona hasira, niliona mtu anayengoja. Angeweza kusema yeye. Alikuwa na haki yote ya kusema. Lakini akisema, mume wake atajua kwamba bomba lilitoka, na asiposema nyanya zake zinachomwa kwa ajili yangu. Akashika kibanio cha nguo, akakifungua, akakifunga.

Edna alikwishaanza. Aling'oa bamia, zikarundikana. Akang'oa nyanya. Agnella alimsaidia, wanafanya kazi haraka, vijana. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni kwa jiko nikajiambia nyamaza, Klementina, ni mboga tu, umri wako huu utaokota wapi sura nyingine ya kutembea nayo mtaani. Nilijiambia hivyo kabisa, kwa maneno hayo. Nilijiambia pia kwamba pengine ni kirusi kweli, yule binti amesoma. Nikageuza macho, nikakutana na ule mchaichai umesimama.

Edna akafika kwenye tuta la ngogwe. Akaushika mche wa kwanza chini kabisa, akavuta. Ukatoka na udongo wake, mizizi myeupe, mizima.

"Edna, acha."

"Mama, bibi shamba kasema."

"Nimesema acha. Bomba niliazima."

Walisimama wote. Agnella alikuwa na mche wa bamia mkononi.

"Uliazima, bibi?"

"Niliazima, nikapulizia maji yangu ya pilipili. Kirusi hakuna hapa. Tazama mahindi."

Akatazama mahindi. Akatazama mchaichai. Akauweka ule mche chini taratibu. "Bomba la nani?"

Neno langu nililitoa, la mtu mwingine halikuwa langu kulitoa. Devota ndiye aliyesema, kutoka kule kwenye nguo. "La kwetu. Nilimpa mimi. Baba Anselim alikuwa ametoka kupuliza tufodi Idete wiki hiyo hiyo."

Agnella akakaa juu ya tuta na nguo zake za ofisi. "Uliyaona haya mahindi lini, bibi?"

"Siku sita sasa."

"Na ukajua."

"Nilijua."

"Dakika tano zaidi tungekuwa tumechoma kila kitu."

"Ndiyo maana nimesema kabla ya dakika tano."

Edna alikuwa bado ameshika ule mche, udongo unadondoka miguuni. "Mwaka mzima nakusikia unawasema watu na madawa yao," akasema.

"Nilisema sawa, nikatenda vibaya. Sasa rudisha huo mche ardhini kabla haujakauka, halafu utanigombeza."

Akarudisha. Kunigombeza alinigombeza jioni, na nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho marehemu Gasper hakukiona hata siku moja.

Agnella hakunipa moyo wa bure, na hilo nilimheshimu. Alisema nikate vichwa vyote vilivyosokotwa, nimwagilie, tusile kitu chochote cha bustani ile msimu huu, na nisitegemee. "Nyingine zitakufa tu, bibi. Nyingine zitachipua. Ngogwe ni ngumu kidogo kuliko nyanya. Lakini siwezi kukuahidi."

Silvano alikuwa amekwisha kuja na kurudi Idete bila kujua lolote. Jumamosi iliyofuata nilimngoja barabarani, kabla hajaingia kwake. Alikuja na baiskeli, amechoka, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama. Mbona barabarani? Kuna msiba?"

"Upo, lakini wa mboga. Nisikilize kabla hujaingia ndani."

Nikamweleza. Alisikiliza ameegemea baiskeli.

"Kwa hiyo bomba langu lilitembea bila mimi," akasema.

"Mkeo alikataa. Nilimlazimisha."

"Mama, wewe hulazimishi mtu. Wewe unasimama tu mlangoni, mtu anatafuta mwenyewe cha kukupa." Alitabasamu, halafu lile tabasamu likaondoka. "Mimi naliosha mara tatu, sabuni na majivu, nalaza maji ndani mpaka asubuhi. Na bado kwenye nyanya za nyumbani siliingizi. Ungeniuliza."

"Mkeo alisema tukungoje."

"Na wewe?"

"Sikungoja. Basi ugomvi wako wote niletee mimi, yeye mwache."

Alisema amesikia. Kama alimwacha sijui, ya ndani kwao sikuyauliza. Wiki iliyofuata lile bomba nililiona limetundikwa juu ya paa la banda la kuku, na juu yake ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa ambazo hata mimi nilizisoma bila kusimama: SIO LA MBOGA.

Nyanya zilizobaki zilikufa zote. Mchicha nikaung'oa, nikaufukia mbali. Miche ya ngogwe ilianza kwenda mmoja mmoja. Nilikuwa nikienda asubuhi naogopa kufika mwisho wa tuta. Kumi na tano. Kumi na moja. Ile ya upande wa jikoni, niliyoanza nayo, haikubaki hata mmoja, maana ndiyo iliyopata dawa iliyokuwa imelala kwenye mpira wa bomba. Mwezi wa nne mvua ikazidi, watu wakaanza kunyanyua vyombo, na mimi nikawaza Lumemo na bomba kwa pamoja, sijui kipi kitatangulia. Maji yalifika barabarani, yakakaa siku mbili, yakarudi. Kwenye tuta ilibaki miche mitano. Mitatu iliota matawi yasiyo na maua. Miwili, ile ya karibu na bafu, ilitoa maua.

Ilizaa ngogwe saba. Moja ilikuwa na pembe kama kiazi, nikaitupa. Sita nilizifunga uzi mwekundu zote, sikuthubutu kuchagua. Kuku wa jirani akiingia natoka na mwiko. Edna akasema, "Mama, hata mimi ulipokuwa unaninyonyesha hukunilinda hivi." Nikamwambia yeye alikuwa na ndugu watano, hizi hazina.

Mwezi wa sita zikaiva. Nilizikamua zote sita kwenye sahani, nikakaa nazitazama. Mama angezipaka zote ukutani. Nimeuona huo ukuta ukioshwa mara moja. Nikachanganya na majivu, nikapaka nusu juu ya mafiga, na nusu nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikaenda kwa Devota. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni hatua thelathini. Nilirudi mara mbili, mara ya kwanza kufunga mlango uliokuwa umefungwa.

"Karibu, mama. Leo unaazima nini?"

"Nimeleta. Mbegu za ngogwe."

Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Zile zenyewe? Au changa, kama za mwaka ule?"

"Kumbe ulijua?"

"Mama, nilimwagilia udongo mtupu wiki tatu. Wiki ya kwanza nilishajua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeninyima na mboga."

Nikamfungulia kitambaa aone kwamba zimekomaa, za kahawia, si nyeupe. Akazigusa kwa kidole. Nikamweleza namna ya kupaka ukutani, akasema anajua, ameniona kwa dirisha miaka kumi na mbili.

Agnella alipopita, nikamwonyesha. Alinikatisha furaha. Alisema mche uliopigwa na dawa ile unaweza ukazaa mbegu zenye kasoro. Zitaota vizuri, halafu majani ya mbele yatoke yamesokotwa, na hapo hakuna la kufanya. "Mimi ningengoja mpaka majani matano yanyooke ndipo niamini," akasema. Nikamuuliza kwa nini matano. Akasema hata yeye hana hakika, ila kabla ya hapo ni mapema mno.

Sikungoja Desemba, msimu wa kusia. Nilichukua mbegu kumi nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaweka karibu na mafiga. Siku ya sita, kimya. Siku ya nane, kimya, nikaacha kula. Siku ya kumi nne zilipasuka, na kijimzizi kikatoka, cheupe kama uzi. Nne katika kumi. Nikazipanda kwenye kopo. Devota naye alijaribisha zake, kwake zikaota tano, na kila asubuhi napita kumwambia anamwagilia maji mengi mno, na kila asubuhi ananiambia, "Mama, hizi ni zangu."

Leo miche ina majani manne. Nimevaa miwani ya Edna ya kushonea, nimelala tumbo juu ya mkeka, nimeyatazama moja moja, yangu na ya Devota. Yote manne yamenyooka. La tano limechomoza jana katikati, bado limejikunja. Lakini jani changa la ngogwe, hata lenye afya, huzaliwa limejikunja, ndivyo lilivyo. Linahitaji siku tatu, labda nne, kufunguka. Kwa hiyo sijui. Nimeweka kigoda hapo karibu.